Pua ya Bi Della

Jumapili ile nilikuwa nimebandika wali wa nazi na maharage kwenye jiko la nje, kando ya banda la kuivishia bangi, nikausahau. Bi Della alikuwa ameketi hatua tatu kutoka jikoni. Mimi nilikuwa ndani napanga mikasi. Harufu ya kuungua ilinifuata huko huko ndani, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa vile vile, uso ameuelekeza kwenye sufuria, anachambua kikonyo kwa ukucha, ametulia tuli.

"Bi Della! Wali wote unaungua na wewe umekaa tu?"

"Nilikuwa na mawazo, Venris."

Mawazo! Huyu ni mwanamke ambaye angeweza kusimama barabarani akakwambia nyumba ya nne kutoka hapo wanakaanga samaki wa chumvi, na mafuta waliyotumia ni ya jana. Hapa kwetu Mount Tirzah, milimani mkoa wa Westmoreland, watu walileta hata maziwa ya watoto ayanuse kabla hawajayatupa. Niliisugua sufuria huku namtazama kwa pembe ya jicho.

Wasioijua kazi yetu hudhani bangi inaisha siku ya kukata. Ndiyo kwanza inaanza. Unaitundika kichwa chini gizani, siku kumi au zaidi, mpaka kikonyo kikivunjwa kilie. Kikipinda bila kulia, bado. Kisha mimi na wenzangu tunayapunguza maua majani kwa mikasi, yanaingia kwenye mitungi ya kioo, na hapo ndipo Bi Della anapochukua usukani. Ua huonekana kavu kwa nje kumbe kwenye uti wake maji yamejificha. Ukilifungia mtungini, maji yale yanatoka polepole. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni mitungi inafunguliwa ipumue, na kila unapofunguliwa mtu anaingiza pua. Ukisikia majani mabichi, ngoja. Ukisikia udongo uliolowa na ganda la chungwa, endelea. Lakini ukisikia ukali wa banda la kuku, kama mkojo uliolala, jua humo ndani kuna kinachooza, na kuvu iko njiani.

Miaka yote tuliifanya kazi hii kwa kujificha. Mwaka huu ndio tulipata kibali kwa mara ya kwanza, wakulima kumi na mmoja chini ya karatasi moja. Mavuno yetu yangekwenda maabara kule mji mkuu, Kingston, na yakipita, kwa watengeneza dawa. Yakishindwa kwa kuvu, kibali kingefungwa, wote kumi na mmoja turudi vichakani. Afisa wa leseni alikuwa anakuja Ijumaa kuchagua mitungi mitano ya kupima na kuifunga iliyobaki kwa lakiri. Tulikuwa na mitungi thelathini na minane.

Na mvua ilitukuta vibaya. Siku ya tano ya kuanika, mbingu zilifunguka, umeme ukakatika siku mbili, mashine ya kunyonya unyevu ikanyamaza, na kipima unyevu chetu cha pekee kikaingia maji kikafa. Desrick Vassell, mwenyekiti wetu, ndiye aliyetaka maua yaingie mitungini mapema. Desrick si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka. Miaka miwili alikuwa akishuka Kingston kukaa kwenye viti vya ofisi mpaka tukapewa kile kibali.

"Vimekauka, Bi Della?" alimuuliza siku ile.

Bi Della alipinda kikonyo. Kililia nusu, kikapinda nusu. Akanyanyua ua, akalinusa kwa macho yaliyofumbwa, kama kawaida yake.

"Vimekauka," akasema.

Neno lake lilikuwa muhuri. Tukajaza mitungi.

Sasa, Jumapili, baada ya sufuria ile, nilikumbuka mambo mengine. Zamani alikuwa akikaa na mtungi mmoja kama anayesikiliza siri, mwingine anausogeza, mwingine anaurudia. Wiki ile alikuwa anapita rafuni upesi kama mtu anayehesabu kuku: safi, safi, safi. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema. Nilichukua mtungi mtupu, nikaupangusa ndani kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, nikatia majani makavu machache juu, nikampelekea.

"Na huu, Bi Della?"

Akaufungua. Mimi niliyesimama mbali macho yaliniwasha. Yeye aliingiza pua yote, akavuta pumzi taratibu.

"Safi kabisa," akasema.

Nilitoa tu kile kitambaa mfukoni nikakiweka mezani. Alikitazama. Akakishika, akavisugua vidole vyake, akaona vinateleza. Ndipo akaelewa nimemfanya nini.

"Mtoto mwenye adabu zako, Venris, hamtegi mama yake."

"Tangu lini, Bi Della?"

Mabega yakamshuka. "Tangu ile homa ya Agosti. Nilidhani ni mafua, yataondoka. Kila asubuhi naamka nanusa kahawa. Nanusa sabuni. Hakuna. Kama mtu amenizibia dunia kwa saruji."

"Na mitungi?"

"Nilikuwa nabahatisha."

Tulivuta mtungi wa kumi na nne, ulikuwa karibu tu. Mimi pua yangu ilijua tofauti ya samaki mzima na samaki aliyeoza, basi. Humo nilihisi kitu kama uchachu, au pengine ni woga. Bi Della alitoa ua kubwa, akalipasua katikati kwa vidole gumba. Ndani, kwenye uti, kulikuwa na nyuzi za kijivu, laini kama utando wa buibui.

"Tumwambie Desrick," nikasema.

"Hapana." Alinishika mkono, akaubana hasa. "Nakuomba. Kuna mtu mmoja kwanza."

Mtu huyo alikuwa dada yake, Ionie. Wanakaa mlima mmoja, mmoja juu mwingine chini kwenye kona ya kanisa, na kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamesemezana mazishini tu. Baba yao alikuwa mkulima wa bangi, na pua yao wote wawili ilitoka kwake. Ionie aliiacha kazi hiyo akaokoka. Bi Della alibaki nayo.

Tulimkuta kibarazani, bado yuko na gauni la ibada, sahani ya kuku magotini.

"Hodi, dada. Ni mimi, Merdella."

Ionie hakuinua macho. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Sinusi, dada."

"Hunusi nini?"

"Chochote."

Ionie aliweka sahani chini. Akachomoa kwenye mkoba leso yake yenye dawa ya kafuri, akamsogelea mdogo wake, akamwekea puani. Kafuri ile mimi ilinitoa machozi nikiwa kwenye ngazi. Bi Della alisimama tu, anapumua, kama ng'ombe anayesubiri kufungwa kamba. Kwa dakika hiyo moja uso wa Ionie ulilegea. Kisha Bi Della akaeleza: mitungi, mvua, afisa wa Ijumaa. Uso ukakaza tena.

"Unataka nije nikunusie bangi? Mimi?"

"Mara moja tu, dada. Kuna watu kumi na mmoja pale."

"Niliwaambia watu kumi na mmoja wapande viazi vikuu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. "Wewe ulikuwa na miaka minane askari walipomchukua baba. Mimi kumi na minne. Alivyorudi kutoka jela, vile vitambaa alivyokuwa anakoholea damu, nani alivifua? Wewe? Leo serikali ile ile inawapa kikaratasi, mnakitundika ukutani kama picha ya harusi."

"Dada..."

"Nenda, Merdella. Na huyo binti afunge geti, mbuzi wa watu wanakula maua yangu."

Tulipanda mlima. Nikamuuliza kama sasa tumwambie Desrick. Akasema kesho. Nilitaka kumkasirikia lakini nilimwona anavyotembea, anagusa kila mwembe na kila mti wa viungo tunaoupita, anafikicha jani, analipeleka puani, analitupa.

Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa bandani na mitungi yote wazi mezani. Nilikuwa nainusa mmoja mmoja mpaka kichwa kinauma, na yote ikaanza kunuka sawa. Nikasikia mlango unagongwa kwa ncha ya mwavuli.

Alikuwa Ionie, na kofia yake ya kanisani kichwani, Biblia kwapani.

"Sijaja kwa ajili ya bangi," alisema kabla hatujamsalimu. "Wale wagonjwa watakaopelekewa, mtu ana kifua, anavuta kuvu kifuani, huyo atakuwa amekosa nini? Fungueni madirisha. Asivute mtu hapa. Na nipeni maji ya kunywa kati ya mtungi na mtungi."

Bi Della alimletea maji mwenyewe. Na Ionie alianza.

Nimeshaona watu wengi wakinusa. Sijaona vile. Hakuingiza pua. Alipitisha kiganja juu ya mdomo wa mtungi, akaivuta hewa kuelekea usoni kidogo tu, akageuza kichwa pembeni, akasubiri. Wakati mwingine alikunja uso kama aliyeitwa na mtu wa zamani. Kisha anasema "kulia" au "kushoto," naandika, nahamisha. Ilichukua saa tatu. Alipomaliza, kulia palikuwa na mitungi ishirini na sita. Kushoto kumi na miwili.

Tulianza kupasua maua ya kushoto. Wa kumi na nne, nyuzi za kijivu. Wa pili, nyuzi. Wa thelathini, nyuzi. Lakini wa kumi na saba tulipasua maua sita, yote ndani ni safi, kijani na dhahabu, yanameta. Na mingine mitatu vile vile.

"Dada, huu hauna kitu."

"Una."

"Tumepasua maua sita."

"Pasua sitini. Nimesema una."

Hapo ndipo gari la Desrick liliposimama nje. Aliingia na karatasi za lebo mkononi, akaona kofia ile, akasimama mlangoni kana kwamba amekuta mbuzi kitandani.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Nimemwita," akasema Bi Della. "Nilitaka pua ya pili."

"Pua ya pili? Una pua inayojulikana mpaka mjini Savanna-la-Mar, ya pili ya nini?" Akaiona mitungi ya kushoto. "Na hiyo?"

"Haiendi."

Desrick alihesabu kwa kidole. Rangi ilimtoka. "Mitungi kumi na miwili! Bi Della, Jumamosi ulinusa yote mbele yangu ukasema safi! Leo anakuja huyu, anakwambia theluthi nzima tutupe, na wewe unakubali? Huyu mwaka juzi alifunga siku tatu anaomba shamba letu liungue! Kanisa zima lilisikia!"

"Niliomba," Ionie akasema. Alikuwa anafuta mikono kwa leso. "Na jana usiku niliomba tena. Mungu hajajibu. Lakini kuomba ni kuomba, na uongo ni uongo. Mtungi ule wa kumi na saba unaoza."

"Unaoza wapi? Nionyeshe!"

"Mimi nanusa, baba. Kuona ni kazi yako."

Desrick alimgeukia Bi Della. "Niambie wewe. Weka pua yako hapa, useme. Ukisema haufai, nakubali, naondoka."

Akamsogezea mtungi wa kumi na saba mpaka kidevuni.

Ionie alimtazama mdogo wake. Mimi pia nilimtazama. Ilikuwa ni kutamka neno moja tu: sinusi. Nilimwona anaivuta hewa ile isiyokuwa na kitu, macho ameyafumba.

"Haufai," akasema.

Ionie alichukua Biblia yake na mwavuli, akatoka bila kuaga. Desrick aliibeba mitungi kumi na miwili mpaka chumba cha nyuma, akafunga, ufunguo akauweka mfukoni, na kila mtungi alioutua chini aliutua kwa kishindo.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulifungua mitungi ishirini na sita asubuhi na jioni. Bi Della alisikiliza vikonyo kwa sikio sasa, akivivunja karibu na shavu. Sikumuuliza kwa nini hakusema. Nadhani nilijua: mume wake alikufa, watoto wako Uingereza, na ile pua ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi. Na nikiri jambo. Alhamisi na mimi nilianza kumshuku Ionie. Nilifikiri: mtu akitaka kumaliza shamba bila kiberiti, si angefanya hivi hivi?

Ijumaa saa nne afisa alifika. Bi Tulloch, mwembamba, viatu vya shambani, kalamu mbili mfukoni, hana maneno mengi. Desrick alivaa shati jeupe. Wakulima wengine walisimama nje chini ya bati, hata kukohoa hawakohoi. Mimi niliingia kupanga mitungi iangalie mbele, nikahesabu kwa mazoea tu.

Thelathini.

Nikahesabu tena. Thelathini. Kumi na saba, ishirini na mbili, thelathini na moja, thelathini na sita: ile minne tuliyoipasua tukakuta ndani safi. Imerudi rafuni, imefutwa vumbi, imekaa katikati ya wenzake.

Nilimtafuta Desrick kwa macho. Alinitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa kidogo sana. Usithubutu. Na Bi Della alikuwa mezani upande wa pili, anapanga visanduku vya afisa, hajaona.

"Yote iko hapa?" Bi Tulloch akauliza.

"Yote, afisa," Desrick akasema.

"Nitachagua mitano. Nani mwangalizi wa mitungi?"

"Mimi," akasema Bi Della.

"Nitataja namba, wewe uniletee."

Akaanza kutembea mbele ya rafu, kalamu imenyooka. "Nne." Bi Della akaenda, akaleta. "Ishirini na tisa." Akaleta. Alikuwa anatembea kwa kichwa kilichoinama, hatazami pembeni. Nikisema, namchongea Desrick mbele ya serikali. Nikinyamaza... "Kumi na moja." Akaleta. "Thelathini na tatu." Akaleta. Bado mmoja. Kalamu ikapita ule wa thelathini na sita, ikarudi, ikasita kwenye ishirini na mbili, nikasikia pumzi ya Desrick inakatika. Ikaenda juu, ikashuka.

"Na kumi na saba."

Bi Della alifika rafuni, akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Ule mtungi aliukataa mwenyewe Jumatatu. Aliutazama, akatazama rafu yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaona. Kisha akamtazama Desrick, na Desrick akatazama sakafu.

"Kuna tatizo, mama?" Bi Tulloch akauliza.

Nje mtu alikanyaga bati lililoanguka, likalia.

"Huu haukutakiwa kuwa hapa," Bi Della akasema. "Na mingine mitatu. Tuliitoa Jumatatu."

"Bi Della!" Desrick alipiga hatua. "Nimeipasua mwenyewe afisa, haina kitu! Maua kumi! Safi yote!"

"Mliitoa kwa nini?" Bi Tulloch hakumtazama Desrick.

"Inaoza."

"Umejuaje?"

"Sijajua mimi." Alikuwa ameushika ukingo wa rafu. "Mimi sinusi, afisa. Tangu Agosti. Nilisema maua yamekauka, nikawa sijui. Nilisema safi, nikawa sijui. Aliyenusa ni dada yangu Ionie. Desrick hana kosa la kutoniamini, kwa sababu nilimwambia nimenusa. Nilimdanganya usoni kwake."

Niliona Desrick anainua kichwa. Mlangoni wakulima walikuwa wamejazana, na mzee mmoja, sitamtaja, alisema kwa sauti ya chini, "Ametuua."

Bi Tulloch aliketi. Aliandika muda mrefu, ukurasa mzima na nusu ya pili, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anaandika nini. Kisha akasimama. "Nachukua mitano iliyo safi, nachagua mwingine badala ya huu. Na huu nauchukua peke yake. Yote iliyobaki, pamoja na ya chumba cha nyuma, naifunga. Msiguse mpaka nipige simu."

Siku kumi na mbili tulingoja. Hakuna aliyekuja kwa Bi Della, isipokuwa mimi, na Desrick mara moja. Alisimama uani kofia mkononi, akasema, "Ungeniambia tu, mama," na Bi Della akasema, "Ningekwambia," wakabaki wamesimama hivyo mpaka mvua nyepesi ikawafukuza.

Simu ilikuja siku ya Jumatano. Mitano ilipita, ingawa wa thelathini na tatu ulikuwa na unyevu kidogo zaidi, tukaamriwa tuifungue yote ipumue siku nyingine kumi. Ule wa kumi na saba ulikuwa na kuvu mara nyingi kupita kiwango, iliyosambaa ndani ya uti ambako jicho halifiki. Tulipewa onyo la maandishi. Kibali hakikufungwa. Barua ilisema ni kwa sababu kosa lilitajwa na mwangalizi mwenyewe kabla ya lakiri, na mitungi kumi na miwili iteketezwe mbele ya shahidi.

Kwenye mkutano walimwondoa Bi Della kwenye kazi ya mitungi. Kura tisa kwa mbili. Mimi ni mmoja wa wale wawili. Mwingine, mtaniamini mkitaka, ni Desrick. Yeye alijiuzulu uenyekiti siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata wakamrudisha kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda kukaa kwenye vile viti vya Kingston. Haikuwa haki, na Bi Della hakulalamika. Alisema amepumzika. Halafu akalia siku mbili.

Wakulima walimwendea Ionie, watano wamevaa vizuri, wakamwomba awe mwangalizi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa juisi ya tangawizi, akawaambia hapana. Walipokuwa getini akawaita.

"Yule binti aliyekuwa anaandika kulia na kushoto. Mleteni."

Sasa ni wiki ya tatu nashuka kwake kila alasiri. Hataki jani la bangi livuke kizingiti chake. Ananifunga kitambaa machoni, ananiweka kwenye kiti cha jikoni, ananipitishia vijiko puani: karafuu, mdalasini, maziwa ya asubuhi, maziwa ya juzi, kamba mkavu, kamba aliyelowa.

"Ninafundisha pua," aliniambia siku ya kwanza. "Pua aliiumba Mungu. Unachokwenda kunusia ni juu yako na yeye."

Bi Della huja nami. Hanusi bado, daktari anasema pengine, pengine hapana. Huketi mlangoni kwenye ngazi, anamenya maharage ya dada yake. Siku za kwanza walikuwa hawasemeshani, wananisemesha mimi tu, kila mmoja kwa zamu. Mavuno mengine ni baada ya siku kumi na sita, na usiku silali vizuri.

Jana Ionie alinipitishia kijiko, nikavuta taratibu kama alivyonionyesha, nikageuza kichwa, nikasubiri.

"Sabuni," nikasema.

"Sabuni!" Ionie alipiga meza. "Merdella, umesikia? Tumekabidhi kibali cha watu kumi na mmoja kwa mtu anayeoga kwa iliki."

Na mlangoni nikasikia maharage yanamwagika kwenye ngazi, na Bi Della anacheka mpaka anakohoa, na Ionie anamwambia ayaokote yote, moja moja, hakuna mtumwa hapa.